Kabla ya kumcheka asemaye ‘yenye’, tukielewe kirejeshi

JUMAMOSI iliyopita nilisimama katika steji ya Ruiru nikitafuta gari la kunipeleka Thika. Kijana makanga, sauti imemkauka kwa kuita abiria tangu alfajiri, alinijia kwa adabu akasema: “Mzee wangu, ingia hii yenye imebakisha mtu mmoja. Hiyo ingine yenye iko nyuma itakaa sana.” Nikaingia. Mama mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mwalimu kwa kazi yake kama alivyonieleza baadaye, alitikisa kichwa akaniambia: “Hawa vijana ndio wanatuharibia Kiswahili.”

Sikumjibu papo hapo. Nilitabasamu tu, kwa sababu katika sentensi hiyo ya kulalamika mwalimu mwenzangu naye alikuwa ameangusha kirejeshi. Kiswahili sanifu kingemtaka aseme “ndio wanaotuharibia”, maana kitenzi kinachofuata “ndio” katika muundo huo hudai kirejeshi. Makanga alitumia kirejeshi ambacho vitabu havikikubali. Mwalimu hakutumia chochote. Nani kati yao aliharibu zaidi?

Swali hilo lingeishia garini lau si karatasi mbili nilizoletewa jioni ya siku hiyo. Jirani yangu wa Ruiru alibisha hodi akiwa na daftari la bintiye aliye katika shule ya upili, na chini ya daftari hilo, mkataba wa ununuzi wa ploti. “Mwalimu,” akasema, “huyu mtoto Kiingereza kimemshinda. Na mimi huu mkataba umenishinda. Tusaidie.”

Nilisoma vyote viwili usiku huo. Ndugu msomaji, niligundua kwamba baba na binti walikuwa wanaugua ugonjwa mmoja, na kwamba yule makanga wa asubuhi alikuwa na sehemu ya tiba. Ugonjwa wenyewe unahusu kile ambacho wanasarufi hukiita kishazi rejeshi.

Kishazi rejeshi ni kipande cha sentensi chenye kitenzi chake, ambacho hurejelea nomino iliyokwisha kutajwa na kutueleza jambo kuihusu. Tukisema “mtu aliyekuja jana ameondoka”, neno “aliyekuja” pamoja na “jana” ndicho kishazi chenyewe. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa maneno machache yanayosimama peke yake: “who” kwa watu, “which” kwa vitu, “that” kwa watu na vitu, “whose” kwa umilikaji. Mara nyingine hakitumii neno lolote, na “the plot I bought” ni Kiingereza safi kabisa.

Tusidhani kwamba kanuni hizo zilishuka kutoka mbinguni. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka wa 1611 ilitumia “which” kumrejelea Mungu Baba katika Sala ya Bwana. Mwanafunzi wa leo akiandika “which” kwa mtu atakatwa alama. Mwaka wa 1926, H. W. Fowler, katika kamusi yake mashuhuri ya matumizi ya Kiingereza, alipendekeza kwamba “that” na “which” zigawane kazi: moja ichague, nyingine iongeze. Wahariri wengi wa Marekani waliufuata ushauri huo. Waingereza wengi hawakuufuata, na sentensi zao bado zinaeleweka.

Lakini mgawanyo wa kazi ambao Fowler alikuwa akiuwazia ni wa kweli, na ndio ulioleta shida katika mkataba wa jirani yangu. Kishazi rejeshi kina kazi mbili. Kwanza, huchagua. Nikiandika kwa Kiingereza “My brother who lives in Thika is a driver”, bila koma, nina ndugu kadhaa na ninakuteulia mmoja: yule wa Thika. Pili, huongeza. Nikitia koma mbili, moja baada ya “brother” na nyingine baada ya “Thika”, nina ndugu mmoja tu, na kuishi kwake Thika ni habari ya ziada ambayo ningeweza kuiondoa bila kumpoteza ndugu yenyewe. Koma mbili ndogo zimebadilisha idadi ya watoto wa mama yangu.

Sasa tutazame Kiswahili. Chenyewe kina njia tatu za kujenga kirejeshi. Kwanza ni kukitia ndani ya kitenzi: anayesoma, aliyesoma, atakayesoma. Pili ni kukitia mwishoni mwa kitenzi kisicho na wakati: asomaye. Tatu ni kukibandika kwenye shina “amba-” na kukiacha kitenzi kama kilivyo: ambaye anasoma. Njia ya kwanza ina mipaka yake. Hukubali “-na-” na “-li-”. Katika wakati ujao hutaka “-taka-” badala ya “-ta-”. Na katika ukanushi huwa na “-si-”, kama katika “asiyesoma”. Haikubali “-me-” kamwe. Huwezi kuunda neno moja kutokana na “amesoma” na kirejeshi. Lazima useme “ambaye amesoma”. Vivyo hivyo, “hakusoma” hubaki “ambaye hakusoma”.

Kwa hivyo wale wanaotuambia kwamba “amba-” ni uvivu au ni Uzungu uliovaa kanzu wanakosea. Kuna mahali ambapo bila “amba-” hatuna njia. Kuna na mahali ambapo hutuokoa kwenye utata. Chukua maneno haya: “watoto waliowaona wazazi”. Ni watoto ndio waliowaona wazazi, au ni wazazi ndio waliowaona watoto? Sarufi inaruhusu maana zote mbili, kwa sababu mtenda huweza kuja baada ya kitenzi rejeshi, kama tunavyosema “kitabu alichosoma Juma”. Sema “watoto ambao wazazi waliwaona”, na utata umekwisha.

Kwa maarifa hayo, tufungue daftari la binti. Mwalimu wake alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi tatu, na pembeni hakuandika neno ila alama ya mkasi. Sentensi ya kwanza ilisema “The man who I saw him was old”. Ya pili, “The house which its roof was blown away belongs to my uncle”. Ya tatu, “The knife which I cut the meat was blunt”.

Mwalimu aliona makosa matatu. Mimi niliona mtoto anayekijua Kiswahili vizuri mno.

Sentensi ya kwanza ni “mtu niliyemwona” iliyohamia Kiingereza na mizigo yake yote. Katika “niliyemwona”, mtu huyo ametajwa mara mbili: “-ye-” inamrejelea, na “-mw-” inamshika kama mtendwa. Kiswahili hudai hivyo kwa watu. Kiingereza hakitaki, kwa sababu “who” imekwisha kuichukua nafasi ya mtendwa na kwenda nayo mbele ya sentensi. Ukiweka “him” nyuma, umeketisha watu wawili kwenye kiti cha mmoja. Si Kiswahili pekee kinachofanya hivi. Kiarabu nacho humrudisha mtendwa kwa kiambishi kwenye kitenzi, na wanafunzi wa Kiarabu wanaojifunza Kiingereza huteleza papo hapo alipoteleza binti wa Ruiru.

Sentensi ya pili ni “nyumba ambayo paa lake liling’olewa na upepo”. Kiswahili hakina neno moja linalolingana na “whose”. Sisi huunganisha kirejeshi na kimilikishi: ambayo, kisha lake. Binti alifanya hesabu hiyo kwa uaminifu akapata “which its”. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza kimeyayeyusha maneno hayo mawili yakawa “whose”, na kwamba “whose” hutumiwa hata kwa nyumba.

Ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. “Kisu nilichokatia nyama” ni sentensi kamilifu. Iko wapi “kwa”? Imo ndani ya “-katia”. Kauli ya kutendea imelibeba jukumu la kihusishi, kwa hiyo binti hakuona haja ya “with”. Lakini kitenzi “cut” hakina tumbo la kubebea mzigo huo. Kiingereza hulazimika kuuweka nje: kisu ambacho nilikata nyama “with”. Ndivyo ilivyo kwa “mtu niliyempelekea barua”, ambapo Kiingereza hudai “to” isimame peke yake mwishoni.

Mwanafunzi anayekosea kwa namna hii hakosei ovyo. Ana mpango, na mpango huo una mantiki. Alama ya mkasi haimwambii mantiki yake imekwama wapi. Inamwambia tu kwamba hajui, naye ataamini.

Turudi barabarani. Barabara ya Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, imeikokota Ruiru hadi mlangoni mwa Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, karibu mara mbili ya Thika iliyohesabiwa watu 250,000 na ushei. Thika ni mji wa viwanda na mananasi tangu zamani. Umevuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. Wakikuyu ndio wenyeji, Ukambani ni mwendo mfupi kwa barabara ya Garissa, na kwenye mabweni na ploti za kupanga utamsikia Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mmeru. Hapo ndipo Kiswahili cha makanga kilipopikwa.

Msikilize kwa makini. Kuna wanaosema “ile kitu nilikuambia”, yaani wanatumia kionyeshi mahali pa kirejeshi. Hiyo si bahati nasibu. Mkikuyu husema “mũndũ ũrĩa”, “kĩndũ kĩrĩa”, na kionyeshi hicho hicho ndicho kinachofungua kishazi rejeshi. Mkamba naye husema “mũndũ ũla”. Wazungumzaji hao wamekivisha Kiswahili vazi la nyumbani.

Kisha kuna “yenye”. Katika Kiswahili sanifu, “-enye” ni neno la umilikaji au hali: mtu mwenye gari, chai yenye tangawizi, mahali penye maji. Hufuatwa na nomino, au kitenzi-jina kama katika “mwenye kusikia”. Katika steji ya Ruiru hufuatwa na sentensi nzima: mtu mwenye alikuja, ploti yenye niliuziwa. Ukiitazama vizuri utaona kwamba “yenye” hiyo imeketi kwenye kiti kile kile cha “amba-”. Inasimama nje ya kitenzi, inakiacha kitenzi kama kilivyo, na inakubali wakati wowote, hata “-me-”. Makanga aliposema “hii yenye imebakisha mtu mmoja”, Kiswahili sanifu nacho kingelazimika kusema “hii ambayo imebakisha mtu mmoja”. Mtaa umejitengenezea “amba-” yake.

Je, ni haramu neno la kazi moja kupewa kazi nyingine? Basi tuanze kwa kuihukumu “amba-” yenyewe. Wanaisimu wengi huiona kuwa ni kitenzi cha zamani chenye maana ya kusema, ndugu wa “ambia” na “kwamba”, ambacho kiliacha kusema kikaanza kurejelea. “That” ya Kiingereza ni kionyeshi. “Who” na “which” ni maneno ya kuulizia. Karibu kila kirejeshi katika lugha hizi ni mfanyakazi aliyehamishwa kutoka idara nyingine. Asili ya “yenye” si sababu ya kumcheka makanga.

Msomaji atauliza: basi, Profesa, umekubali tuandike “yenye” magazetini? Hapana. Nina sababu ya kukataa, lakini si ile ambayo hutolewa kwa kawaida.

Nguvu ya kirejeshi cha Kiswahili iko katika upatanisho wa ngeli. Kiingereza kina “who” na “which”. Zaidi ya hapo hakiwezi kukuonyesha ni nomino gani hasa inayorejelewa. Chukua maneno “the door of the house that was broken”. Kilichovunjwa ni mlango au ni nyumba? Kiingereza hakisemi. Kiswahili husema bila kutoka jasho: “mlango wa nyumba uliovunjwa” ni mlango, “mlango wa nyumba iliyovunjwa” ni nyumba. Silabi chache tu, na polisi anajua aandike nini katika kitabu cha ripoti.

Sasa pima mtaa kwa kipimo hicho. Anayesema “mlango wenye ulivunjwa” amekosea usanifu, lakini upatanisho wake uko hai. “Wenye” na “u-” vinaushika mlango barabara. Anayesema “mlango ya nyumba yenye ilivunjwa” amepoteza kitu kikubwa zaidi, kwa sababu “yenye” yake haibadiliki tena. Hutumiwa kwa mlango, kwa nyumba, kwa watu, kwa kila kitu. Nimewasikia wanaosema hata “watu yenye walikuja”. Hiyo ndiyo “yenye” iliyokufa. Wala ugonjwa huu hauko mtaani pekee. Katika tasnifu ninazosahihisha, nakuta “mambo ambao”, “masomo ambazo”, “matatizo ambayo” katika ukurasa mmoja, mtahiniwa akibahatisha kama anayecheza karata. Hiyo ni “amba-” iliyokufa, hata kama imevaa suti. Kati ya “mlango wenye ulivunjwa” wa makanga na “mambo ambao” ya msomi, mimi ningempa makanga alama zaidi.

Tuje sasa kwenye mkataba. Ulikuwa wa ploti huko Ruiru, za futi hamsini kwa mia, kama wanavyozipima watu wetu. Muuzaji alikuwa na ploti tatu. Mbili zinapakana na barabara ya murram; ya tatu iko nyuma yake, na hufikiwa kwa kijia. Sentensi iliyohusika, iliyoandikwa kwa Kiingereza kisha ikafasiriwa, ilisema kwamba muuzaji “anamuuzia mnunuzi ploti zake ambazo zinapakana na barabara”. Bei ilikuwa moja ya jumla. Idadi haikutajwa popote.

Jirani yangu aliisoma hivi: ploti zake zote zinauzwa, na tumeongezwa habari kwamba ziko barabarani. Muuzaji, alipokumbushwa kuhusu ile ya nyuma, aliisoma hivi: zinauzwa zile tu zinazopakana na barabara. Mmoja alisoma kishazi kinachoongeza, mwingine kishazi kinachochagua. Broka aliyewakutanisha alikuwa amesema kwa mdomo “hizo ploti zenye ziko kwa barabara”, na kila mmoja alikuwa amesikia alichotaka kusikia.

Hapa ngeli haikusaidia. “Ambazo” imepatana na “ploti” vizuri kabisa, lakini upatanisho hutwambia ni nomino ipi inayorejelewa. Hautwambii kama ni zote au ni baadhi. Kwa kazi hiyo Kiingereza kina koma, na mwandishi wa mkataba ule hakuonekana kuijali. Kiswahili nacho kina njia zake, ila hatuzifunzi. Tuna kionyeshi: “ploti zake zile zinazopakana na barabara” huelekea moja kwa moja kwenye kuchagua. Tuna “zote”: “ploti zake zote, ambazo zinapakana na barabara”, kwa koma na kituo cha sauti, ni kuongeza. Tena tazama ajabu hii: “zile” ya kuchagua ndiyo ile “ile” ya Mkikuyu na Mkamba ambayo darasani tunaifuta kwa wino mwekundu. Msemaji wa mtaani huwa ana fununu ya jambo ambalo mwandishi wa mkataba hakulizingatia.

Kumbuka kwamba Sheria ya Mikataba ya Kenya, katika kifungu cha 3(3), hudai mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Maneno ya broka yanapeperuka. Yanayobaki mezani ni maandishi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika nchi ya ploti, kujikwaa kalamu kumezidi vyote viwili.

Nilimwambia jirani ukweli: sarufi inaweza kumwonyesha kwa nini sentensi ile ina maana mbili, lakini haiwezi kumpa ploti ya tatu. Hiyo ni kazi ya wakili na ya wao wawili. Nilimshauri wakae waandike upya kabla ya kulipa awamu ya pili, na waandike sentensi fupi zisizo na kirejeshi hata kimoja. Ploti ni tatu. Zote zinauzwa. Mbili zinapakana na barabara. Kama ni mbili zinazouzwa, waandike mbili na nambari zake. Kishazi rejeshi ni kitu kizuri, lakini si mahali pa kuficha hesabu.

Sasa niseme na walimu wenzangu, maana lawama yangu kubwa iko kwetu. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa kitaifa wa Kiswahili, tumezoea kumwambia mtahiniwa aandike sentensi upya “bila kutumia amba-”, kisha siku nyingine “akitumia amba-”. Mtoto hujifunza kuhamisha silabi kama afunguaye nati na kuifunga. Ni mara chache anapoulizwa: maana imebadilika? Nani hasa amerejelewa? Ni wote au ni baadhi? Katika somo la Kiingereza naye mwalimu hufunza “who” na “which” kama kwamba darasa halina lugha nyingine kichwani. Walimu hawa wawili hupeana zamu katika chumba kimoja, kwa watoto wale wale, na hawajawahi kuketi wakalinganisha daftari.

Naona pia kivuli cha historia. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, vitabu vya sarufi vilivyofuata viliandikwa kwa kiasi kikubwa kumsaidia msomaji wa Kiingereza. Kitabu cha E. O. Ashton cha 1944 ni kazi kubwa, na bado nakifungua. Lakini msomaji aliyelengwa alikuwa mtu anayetoka kwenye “who” akitafuta “-ye-”. Binti wa Ruiru anasafiri upande mwingine: anatoka kwenye “niliyemwona”, anatafuta “who I saw”. Ramani ya kwenda si lazima iwe ramani ya kurudi.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 ilizifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Tukizichukulia hivyo, basi tuzifunze zikitazamana. Mwambie mtoto wazi: katika Kiswahili mtendwa hurudi ndani ya kitenzi, katika Kiingereza harudi. Katika Kiswahili “kwa” huweza kumezwa na kitenzi, katika Kiingereza hubaki nje. Katika Kiswahili ngeli hukuonyesha nomino, katika Kiingereza itakubidi upange maneno upya ili usieleweke vibaya. Kipindi kimoja kingetosha, na wino mwekundu mwingi ungepumzika. Kisha mwambie kuhusu “yenye”: kwamba mtaani ina sheria zake, kwamba mtihanini na kwenye maandishi rasmi tunatumia “amba-” na kirejeshi cha kitenzini, na kwamba kote kule, ngeli isife.

Jumapili binti alikuja mwenyewe kuchukua daftari. Nilimweleza kuhusu kiti kimoja na watu wawili. Akafikiri, kisha akaniuliza: “Kwa hivyo, guka, kama ‘who’ imeshakalia kiti, ni kwa nini Kiswahili kinakubali wote wawili wakae?” Nilimjibu kwamba “-ye-” na “-mw-” havigombei kiti: kimoja kinatazama nyuma kwenye nomino, kingine kinakaa na kitenzi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika nusu. Nilimwona akiandika swali lile lile kwenye jalada la daftari, bila shaka akampelekee mwalimu wake Jumatatu. Natumai litapokewa vizuri, maana nimefundisha kwa miaka mingi na sijaulizwa swali bora zaidi kuhusu kirejeshi.

Na yule makanga? Tulipofika Thika alinigusa bega, akaonyesha kando ya barabara: “Mzee, shuka hapa penye wengine wameshuka.” Vitabu vingesema “hapa waliposhuka wengine”. Lakini sikio langu lilikwama kwenye neno moja. Hakusema “yenye”. Alisema “penye”, kwa sababu alikuwa akitaja mahali, na ngeli ya mahali aliijua. Nilimlipa nauli yangu, nikamgeukia mwalimu wa dirishani kumwonyesha. Alikuwa ameshateremka.